Vibao Viwili vya Kinyume

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Mtaani anaitwa Kinyume. Lilianza siku watoto wa jirani walipochungulia dirishani kwake wakamkuta anachonga herufi kwenye ubao, zote zimegeuka, zinatazama upande usio wao. Walikimbia mtaa mzima wakitangaza kwamba yule mama hajui kuandika. Yeye hakuwafukuza. Aliwaita ndani, akaupaka ubao wino, akalaza karatasi juu yake, akakandamiza, kisha akaibandua taratibu mbele ya macho yao. Herufi zikatoka zimenyooka kama za kitabuni. Watoto walipiga makofi, lakini jina lilikuwa limeshanata, na kusema kweli lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ndiyo hiyo. Anachonga picha kwenye vibao vya mbao kwa patasi ndogo ndogo, zingine nyembamba kama kijiti cha meno, halafu anavipaka wino na kuvichapa kwenye karatasi. Palipochimbwa panabaki peupe, palipoachwa panatoka peusi, na kila kitu kinageuka. Ukimchonga mtu anayenyoosha mkono wa kulia, karatasini atanyoosha wa kushoto. Kwa hiyo mchapaji wa vibao lazima aigeuze picha yake kabla hajagusa mbao, la sivyo nyumba itatokea na mlango upande wa pili na saa ya ukutani itakwenda kinyumenyume.

Na nyumba anazo mbili. Usimwonee wivu mapema, maana mwenye nyumba mbili ana mabomba mawili yanayovuja. Moja ni ya mama yake, kwenye mji mdogo ambao treni ikifika haina tena pa kwenda, inapumua tu na kugeuka. Nyingine ni ya kwake na mumewe, kwenye jiji, nyumba ya chini yenye sebule mbele na uani pa kuanikia nguo nyuma. Kati ya hizo mbili ni safari ya nusu siku, na Kinyume ameipiga mara nyingi hata wauza karanga wa stesheni wanamsalimia kwa kumwuliza hali ya mama.

Mumewe ni fundi wa lifti. Yeye kutwa anapanda na kushuka kwenye majengo ya watu, mkewe anakwenda na kurudi, na wakikutana mezani wanapeana habari kama mabaharia wa meli mbili. Ndiye aliyemletea mashine ya kuchapia, dude la chuma lililotupwa na kiwanda kimoja kilichofungwa. Aliliburuta na wenzake kwa minyororo na kapi mpaka chumba cha nyuma, akapoteza kucha moja ya mguu, akaapa kwamba halitahama tena mpaka nyumba ibomolewe. Kwa hiyo kuchapa ni jijini. Mbao nzuri, zilizokauka vizuri bila kupinda, ziko kwa seremala jirani wa mama, na mwanga mzuri wa kuchongea uko kwenye baraza la mama. Hizo ndizo sababu Kinyume anazozitoa akiulizwa kwa nini hatulii mahali pamoja. Lakini tusidanganyane hapa. Hata kama mbao hizo zingeuzwa mlangoni kwake jijini, angekwenda tu, maana mama yuko peke yake na magoti yake yameanza kulalamika.

Ana tabia moja ya ajabu. Akiwa jijini anachora nyumba ya mama: baraza, banda la kuku, kiti cha mama chenye mguu uliofungwa waya. Akiwa kwa mama anachora nyumba ya jijini: mashine, soksi za mumewe kambani, kichochoro. Nyumba aliyomo haioni. Mumewe alimwuliza siku moja, "Sasa mke wangu, ili unichore mimi vizuri itabidi nikuache?" Akamjibu, "Jaribu uone utakavyotoka."

Na kila nyumba ina namna yake ya kugeuza picha. Jijini anatumia karatasi laini inayopitisha mwanga: anachora kwa penseli, anaigeuza, anaisugua juu ya mbao, mistari inahamia imeshageuka. Kwa mama karatasi hiyo haikai, mama anaichukua kufunikia vitabu na kufungia keki. Huko anatumia kioo. Anaisimamisha picha mbele ya kioo kikubwa cha kabati la mama, kisha anachora kwenye mbao kile anachokiona ndani ya kioo. Mkono wake umezoea njia zote mbili, hata haufikirii tena, na huko kutofikiria ndiko kulikokuja kumponza.

Kulikuwa na neno moja lililomkera, na ni neno dogo tu. Akiwa jijini, mumewe anamwuliza, "Kwenu unakwenda lini?" Akiwa kwa mama, mama naye anamwuliza, "Kwenu unarudi lini?" Kote ni kwenu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mtu ukiambiwa "kwenu" na kila unayempenda, unaanza kujiuliza hiyo kwetu yenyewe iko wapi, au ni behewa la treni, kiti cha dirishani.

Sasa, msimamizi wa ukumbi wa maktaba ya jiji, mama mmoja mwenye sauti ya upole na amri za jeshi, alimwomba picha moja kubwa ya kujaza ukuta wa mbele kwenye maonyesho. Kinyume hakufikiri mara mbili. Angechonga vibao viwili vikubwa, kila kimoja cha ukubwa wa meza ya sebuleni. Kushoto nyumba ya mama, kulia nyumba ya jijini, na njia moja: inatoka mlangoni kwa mama, inavuka pale karatasi mbili zinapokutana, inaingia mlango wa mbele wa nyumba ya jijini. Alichora picha nzima kwenye karatasi mbili laini, akazigeuza zote mbili tayari kwa kusugua. Nyumba ya mama aliichonga palepale jijini, ikatoka safi. Karatasi ya pili, iliyokwisha kugeuzwa, aliikunja akapanda nayo treni kwenda kwa mama.

Mama yake alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na kustaafu hakujamtoa darasani. Anaongea na kila mtu kama mtoto wa miaka saba, akiwemo daktari wake. Alikuwa ameketi barazani anachambua mchele, na Kinyume ndani mlangoni, mbele ya kile kioo, karatasi imesimamishwa, ubao magotini, penseli inakwenda.

"Mama, nimechora njia," akasema bila kuinua kichwa.

"Njia gani?"

"Inatoka mlangoni kwako hapa mpaka mlangoni kwangu. Ni vibao viwili. Ukiviweka pamoja, njia inaungana."

"Nani kakwambia mimi sijui njia? Treni naijua, hata dereva wake nilimfundisha kusoma."

"Sasa mbona huji?"

Mama akapepeta mchele kidogo. Amewahi kwenda mara moja tu, mwaka walipohamia. Mkwe siku hiyo alivaa tai. Alimpokea mlango wa mbele, akamkalisha kwenye kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni ya dukani, akamletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Mama akiinuka, mkwe anaruka: "Mama, kaa, usisumbuke!" Mama akikusanya vyombo, mkwe anamnyang'anya. Mama akielekea jikoni, mkwe anamkinga mlangoni kwa tabasamu, "Mama, huku kuchafu, rudi ukae." Jioni mama akapanda treni akarudi, akasema amekirimiwa mno. Hakukanyaga tena. Mkwe mpaka leo huisimulia siku hiyo kama siku aliyompokea mkwewe kifalme.

"Mimi kwenu ni mgeni, mwanangu," mama akasema. "Mgeni anakaa, anakunywa chai, anaaga. Nimeshakaa, nimeshakunywa, nimeshaaga."

"Njoo kwenye maonyesho, mama. Ulale. Usiku mmoja tu."

Alisema hivyo kwa sauti nyepesi, lakini hakuwa anatania. Hakutaka kingine duniani. Alitaka mama alale kwake akiwa mzima na kelele zake, aamke aulize kwa nini mapazia yamepinda. Aliogopa siku moja magoti yatakataa kabisa, na mama ataletwa jijini kwa lazima, kwenye nyumba ambayo hajui hata swichi ya taa iko wapi, awe mgeni mpaka mwisho wake. Hilo wazo lilimkosesha raha kuliko lolote.

Mama akaweka ungo chini. "Sikiliza. Nitakuja kuiona hiyo njia yako. Nikiona imefika, nalala. Isipofika, treni ya jioni ipo."

Ulikuwa utani, lakini utani wa mama una kalamu nyekundu ndani yake. Kinyume akafurahi mpaka penseli ikakimbia yenyewe. Alinakili kila kilichokuwa ndani ya kioo, mstari kwa mstari, huku anapiga soga na kucheka. Karatasi ilishageuzwa jijini. Kioo kikaigeuza tena. Ukigeuza kitu mara mbili, msomaji wangu, unakirudisha kilikotoka. Hakuliona hilo. Siku zilizofuata akakaa barazani akachonga kwa bidii, mama anamletea chai, vumbi la mbao linawaingia kuku, na kibao kikatoka kizuri mno, kila tofali na kila soksi mahali pake. Mahali pake kabisa, na hapo ndipo penye balaa.

Kwenye treni ya kurudi, mkaguzi wa tiketi alilitazama lile furushi lililofungwa shuka.

"Mama, hapo ndani kuna nini?"

"Kibao."

Mkaguzi akarudi nyuma hatua. "Cha nani? Mimi nimeuliza tu kwa amani."

Behewa zima likaangua kicheko, na mzee mmoja akasema kama ni hivyo naye angependa kimoja apelekewe mwenye nyumba wake. Kinyume alifungua shuka akawaonyesha. Walikipitisha mkononi mwa huyu na yule, wakasoma nyumba kwa vidole, wakamwuliza nani anafua soksi nyingi hivyo. Alifika jijini mashavu yanamuuma kwa kucheka.

Alasiri ya kuamkia maonyesho ndiyo waliyochapa. Mumewe alikuwa na mapumziko, na kuzungusha gurudumu la mashine ni kazi anayoipenda kwa sababu, anasema, ndiyo mashine pekee anayoendesha bila mtu kukwama ndani. Walianza na kibao cha mama. Kinyume akasambaza wino kwa rola, wakalaza karatasi, gurudumu likalia, karatasi ikabanduka: baraza, kuku, kiti, na njia inatoka mlangoni ikielekea ukingo wa kulia. Wakaitundika kwenye kamba. Wakaja kwenye cha pili. Wino, karatasi, gurudumu. Kinyume akashika pembe mbili akaibandua, akaitundika kulia kwa ile ya kwanza, akarudi nyuma kutazama.



Njia ya mama ilikuja vizuri mpaka pale karatasi zinapokutana, na hapo ikakuta ndoo. Ndoo, kamba ya nguo, soksi, na ukuta wa nyuma wa nyumba. Ule mlango mzuri wa mbele, alioupamba mpaka komeo lake, ulikuwa upande wa kulia kabisa, na njia yake ilitoka ikaenda zake nje ya picha, kama mtu aliyekumbuka kitu dukani.

Mumewe akajikuna kichwa. Yeye hajui kupamba maneno. "Mbona nyumba yetu imempa mama mgongo?"

Kinyume akaketi juu ya debe la wino. Akakumbuka karatasi, akakumbuka kioo. "Niligeuza hapa, nikageuza na kule," akasema. "Mara mbili! Mimi! Mtu naitwa Kinyume!"

"Tuzibadilishe. Hii huku, ile kule."

Wakazibadilisha. Sasa njia ya jijini ikaenda kugonga banda la kuku, na nyumba ya mama ndiyo ikawapa wao mgongo. Mumewe akapendekeza moja wailaze kichwa chini, akatazamwa jicho lililomfanya aende kuchemsha maji bila kuulizwa. Kinyume akajaribu kuchapa kwenye karatasi nyepesi ili aigeuze isomeke kwa nyuma. Ikatoka hafifu, imefifia kama picha iliyofuliwa. Kuchonga kibao kipya ni kazi ya wiki nyingi, na ukuta wa maktaba ulikuwa unasubiri kesho.

"Basi mama hataona," mumewe akasema, akimpa kikombe. "Ataona nyumba mbili nzuri, atafurahi."

"Mama yangu? Yule aliyekuwa akiona mtoto wa dawati la mwisho anatafuna, hali yeye anaandika ubaoni?"

"Basi mpigie asije. Tutamwambia maonyesho yameahirishwa."

Alichukua simu. Alipiga akiwa amejiandaa kabisa kudanganya. Mama akapokea kwa kelele: ameshapanga nguo, kuku wameshapata mlezi, na mtaa mzima unajua kwamba kesho anakwenda kuonyeshwa njia. "Hata seremala kanipa salamu zako. Anauliza mbao yake ilitoka vizuri?"

"Ilitoka vizuri, mama," Kinyume akasema. Hilo halikuwa uongo.

Akakata simu, akalia kidogo, akacheka kidogo, akaosha mikono wino ukakataa kutoka kwenye kucha. Akawaza aibebe tu picha ya mama peke yake. Lakini msimamizi alisema ukuta mzima, na msimamizi akisema ukuta mzima hamaanishi nusu.

Asubuhi wakazitundika zote mbili. Msimamizi akasimama mbele ya picha muda mrefu, akasema ni nzuri sana na inamfikirisha. Kinyume akajibu kwamba hata yeye inamfikirisha.

Treni ya mama ilifika mchana. Mkwe ndiye aliyekwenda stesheni, tai shingoni, ileile. Alirudi amebeba kikapu na mfuko mmoja mdogo, ambao haukusema kama ni wa mtu wa kulala au wa kurudi. Mama alikuja nyuma yake kwa mwendo wa ukaguzi, akiwasalimia walinzi, akimrekebisha kijana mmoja kola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Iko wapi?"

Ukumbi ulikuwa na watu wa kutosha, wengine kwa ajili ya picha, wengine kwa ajili ya maji ya matunda ya bure. Kinyume akampeleka mama mpaka ukutani. Mama akatoa miwani mkobani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa. Akaanzia kushoto, kama anavyofundisha watoto kusoma.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Kuku mwekundu umemsahau. Kiti umekipatia, mpaka waya." Kidole chake kikafuata njia, hakikugusa karatasi, kikashuka barazani, kikapita ua, kikaenda, kikaenda. Kikafika kwenye ndoo kikasimama.

Mumewe Kinyume akaanza kutazama dari.

"Mama, nimekosea," Kinyume akasema haraka. "Nilitaka ije mlango wa mbele. Niligeuza hapa, nikasahau, nikageuza tena kwako kwenye kioo, sasa ..."

Mama akainua mkono. "Nyamaza. Nasoma."

Kinyume akanyamaza. Ana kazi, ana mume, ana picha kwenye ukuta mkubwa kuliko zote jijini, na akanyamaza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hii ndoo ya nini?"

"Ya kufulia, mama."

"Na hizi soksi ni za huyu?"

"Zangu, mama," mkwe akasema kwa sauti ndogo.

"Na huu mlango mdogo hapa, nyuma ya kamba?"

"Wa jikoni."

Mama akavua miwani. Akamgeukia mkwe wake. "Kumbe mna mlango wa jikoni."

"Upo, mama. Upo siku zote."

"Sasa mbona siku ile nilipitishwa mbele kama mkaguzi wa shule? Nikakalishwa kwenye nailoni, nikinyanyuka mtu ananirukia. Jikoni kwa mwanangu sikupaona hata rangi!"

 Miaka yote ile mkwe alidhani alimpokea kifalme. "Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu," akasema, na masikini ya Mungu, alisema kweli.

"Uliniheshimu mpaka nikaondoka," mama akasema, lakini kwa upole. Akavaa tena miwani, akaurudia ule mlango mdogo. "Mlango wa mbele ni wa anayebisha hodi. Mimi napita uani, naangalia kwanza kama sufuria zimeoshwa. Hii njia imefika, mwanangu. Imefika hasa. Nani kakwambia umekosea?"

 Kinyume alikuwa analia palepale katikati ya wageni, na wala hakuona haya. Mumewe akamtolea leso, ikawa ina grisi ya lifti, ikambakisha alama shavuni, na hakuna aliyemwambia.

Mama hakuwa amemaliza. "Sasa hii nyingine ya mbele, inayotoka nje ya picha. Inakwenda wapi?"

"Sijui, mama. Hilo ndilo kosa hasa."

"Hujui? Basi kachonge uone." Kisha akaendelea na picha za watu wengine, akizipa alama moja moja kwa sauti inayosikika.

Walipokuwa karibu kuondoka, bwana mmoja mwenye kalamu na kamera shingoni alimfuata Kinyume. Alitaka kuandika kitu kidogo gazetini. Aliuliza habari za mbao, za wino, kisha akauliza lile swali ambalo watu humwuliza tangu zamani, na ambalo daima humfanya atafute maneno.

"Na kwenu hasa ni wapi, mama? Ni hii nyumba au ile?"

 Kabla Kinyume hajajibu, mama akajipenyeza katikati, kikapu mkononi.

"Andika," akamwambia yule bwana, kama anayesoma imla. "Kwetu ni hapa," akaonyesha kushoto, "na kwetu ni hapa," akaonyesha kulia. "Umeandika? Hebu nione. Hapana, 'kwetu', baba. Umeandika 'kwao'. Futa."

Yule bwana akafuta.

Treni ya jioni iliondoka na abiria wake, mama hakuwemo. Walifika nyumbani jua bado lipo. Mkwe aliwatangulia mbio na funguo, mambo yawe sawa. Kinyume na mama wakashika kichochoro, wakapita chini ya kamba ya nguo, mama anainamisha kichwa kukwepa soksi, na Kinyume akamfungulia mlango mdogo. Mama akaingia. Akaweka kikapu chini. Akatazama rafu, akatazama jiko, akafunua sufuria ya juu akaifunika haraka kama aliyeona mambo ya watu.

Kule mbele ya nyumba wakasikia mlango mkubwa unafunguliwa wote, na sauti ya mkwe, nzito, ya sherehe, ikiutangazia mtaa mtupu: "Karibu, mama! Karibu sana! Pita ndani!"

Mama akaweka kidole mdomoni, wakamwacha akaribishe mpaka alipochoka.

"Mkwe!" akamwita mwishowe. "Acha kupiga kelele, njoo huku!"

Akatokea mlangoni, tai imepinda, macho yamemtoka. Mama alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na kupata sabuni. Hakusema neno lolote la mgeni. Alimkabidhi ile sufuria iliyoungua pamoja na kipande cha sifongo, akamwonyesha karo. Mkwe akavua tai, akaanza kusugua.